Risasi Tatu za Mtaalamu Damas

Damas alikuwa kwenye kikombe chake cha tatu cha kahawa, na hata hicho alitarajia kilipiwe na mtu mwingine, aliposikia Qais Humaidi akisema maneno ambayo mjini Tabora mtu mwenye akili huyasemea chumbani kwake.

"Kibali ninacho," alisema Qais. "Bunduki ya marehemu baba ninayo. Mbogo wako huko Sikonge wananingoja. Ninachokosa ni mtu wa kunichagulia risasi."

Kijiwe kizima kikatikisa kichwa kwa masikitiko. Palikuwa na fundi baiskeli, muuza asali, wauza mitumba wawili na mstaafu wa reli, lakini mchagua risasi hakuwepo. Damas akashusha kikombe taratibu. Asubuhi hiyo alikuwa wakala wa taa za sola. Kikombe kilipogusa benchi alikuwa ameshakuwa mwindaji.

"Bunduki yenyewe ina mtutu mmoja au miwili?" aliuliza, bila hata kumtazama Qais.

Kuhusu hizo taa za sola lazima niseme ukweli, maana mimi pia nilinunua moja. Elfu arobaini na tano. Damas aliiwasha mbele yangu saa sita mchana, uani kwangu Chemchem, ikawaka vizuri. Nikamshukuru Mungu, nikampa na chai. Giza lilipoingia ikazimika. Kulipopambazuka ikawaka. Nilikaa nayo siku tisa nikiamini kwamba bado inanizoea. Kwa hiyo msomaji asidhani ninamcheka Qais kutoka juu. Namcheka nikiwa nimekaa naye benchi moja.

Qais ana duka la mabati na misumari, ana miaka arobaini na miwili, na tangu azaliwe hajaua kitu kikubwa kuliko kuku, na kuku mwenyewe alimponyoka mara mbili. Lakini babu zake walifika Unyanyembe na misafara ya pembe za ndovu, na damu yao, alivyokuwa akituambia, ilikuwa inamchemka. Daktari alisema ni presha.

Kesho yake Damas akabisha hodi nyumbani kwa akina Humaidi akiwa amevaa kofia ya kijani. Mama yake Qais, Bi Fakhria, ni mjane kama mimi na ni shoga yangu wa miaka mingi. Siku hiyo nilikuwa kwake tukichambua mchele, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewinda miaka mingapi?"

"Kumi na moja, mama, kwenye vitalu vya wazungu."

"Mbogo umeangusha wangapi?"

"Siwahesabu, mama. Kuhesabu ni majivuno."

Bi Fakhria akasema mashaallah, akammiminia kahawa kutoka kwenye dele la fedha. Anayo mawili, ya mama mkwe wake, hukaa juu ya rafu pamoja. Damas aliyatazama yote mawili kwa heshima kubwa.

Ukweli wa ile miaka kumi na moja tuliupata baadaye. Alikaa wiki mbili kwenye kambi ya wawindaji, jikoni, akisonga ugali, mpaka alipofukuzwa kwa kuuza buti za mgeni. Alipoondoka aliokota maganda matatu ya risasi yaliyotupwa, akayajaza mchanga, akayachongea vichwa vya mbao na kuvipaka rangi. Alikuwa mwangalifu. Risasi ya kweli bila kibali ingempeleka gerezani, lakini hakuna sheria inayokataza mtu kutembea na mchanga.

Qais akaileta bunduki imeviringishwa kwenye shuka. Damas akainusa mdomoni. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Inalalamika," alisema.

"Inasema nini?" Qais aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imelala njaa muda mrefu."

Akatoa kimfuko chekundu, cha kuwekea miwani, akazipanga risasi zake tatu kwenye sinia la kahawa. "Hii nyembamba ni ya swala na pofu. Hii ya kati ni ya mbogo mwenye adabu. Na hii," akaiinua taratibu, kama padri anayeinua hostia, "ni ya tembo. Fumba macho, bwana Qais. Zipime mkononi moja moja. Risasi yako utaijua yenyewe."

Qais akafumba macho akachukua ile nene. Ilikuwa lazima aichukue. Mwanaume wa mji huu ukimwekea ndizi tatu atachukua mkungu.

Alipojaribu kuiingiza kwenye bunduki ikagoma.

"Mbona haiingii?"

"Haiwezi kuingia leo. Nina fundi wangu Arusha, atapanua pale inapokaa risasi. Kazi ya saa moja. Pamoja na risasi ishirini ni laki sita. Nne sasa, mbili ukishamla mbogo."

Qais akatoa laki nne palepale, mbele ya mama yake, kwa furaha ya mtu anayenunua jina.

Wakati wao wanashikana mikono, Bi Fakhria alikuwa akipangusa sinia. Akaziinua zile risasi, akazipangusa nazo, akazirudisha. Marehemu mumewe aliwinda miaka thelathini, na kila mwezi bibi huyu alikaa naye kibarazani wakizifuta risasi kwa kitambaa kikavu. Alijua kwamba risasi haichaguliwi kwa kufumba macho. Kwanza unafumbua, unasoma namba ya ukubwa wa risasi iliyochongwa kwenye mtutu, na kwenye mtutu ule, chini ya kutu kidogo, paliandikwa mia tatu sabini na tano tangu bunduki itoke kiwandani. Hiyo inamtosha mbogo na kubaki. Alijua pia kwamba risasi nzima ina kiduara laini kitakoni, pale penye fataki. Zile tatu zote zilikuwa na kishimo katikati ya kiduara, pini ilipogonga. Zilishapigwa zamani, kwa mbogo wa mtu mwingine.

Damas alipoondoka nikamwambia, "Bi Fakhria, mwambie mwanao huyu ni tapeli."

"Nikimwambia atatafuta mtaalamu wa kweli," alinijibu, akiendelea na mchele wake. "Naye atampa risasi ya kweli, na Qais atakwenda kusimama mbele ya mbogo na lile tumbo. Baba yake alikuwa na shabaha, na bado mbogo alimwachia mguu mmoja mfupi. Huyu hajui hata kukimbia. Mimi sitaki atafutiwe risasi, shoga. Nataka aambiwe haipo."

"Aambiwe na nani? Wewe hakusikii."

"Na mtu anayemwamini."

Tukautazama mlango aliotokea Damas. Kisha akaniomba nimpe kitu fulani kutoka nyumbani kwangu, nami nikampa kwa moyo mweupe kabisa.

Jumatano Bi Fakhria akamwita Damas. Tiketi ya basi la Kaliua, ya kesho yake asubuhi, ilikuwa tayari kwenye mfuko wa shati lake. Mezani palikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba ya katani. Juu ya rafu palikuwa na dele moja.

"Mwanangu Damas," alisema Bi Fakhria, "Ijumaa afisa wanyamapori anakuja, Ezekia. Nimemwambia tunaye mtaalamu, amefurahi. Atazikagua risasi zako, halafu wewe ndiye utakayepiga ya kwanza."

Kahawa ikampalia Damas. Bi Fakhria akamngojea kwa upole mpaka alipomaliza kukohoa.

"Ijumaa nina safari, mama."

"Ya wapi?"

"Ya... kikazi."

"Basi nina ombi kabla hujaenda. Mwambie Qais bunduki hii haina risasi tena. Umrudishie laki nne zake, zote. Na wewe utaondoka na sanduku hili. Kilichomo kimetoka nyumbani kwa mjane mcha Mungu, na alikinunua kwa pesa nyingi."

Damas akalitazama sanduku. Akaitazama rafu, na macho yake yakahesabu: moja. Akaliinua sanduku kidogo, kama mtu anayepisha mguu. Lilikuwa zito. Dele la fedha la zamani halipungui milioni, na mjane mcha Mungu alikuwa amekaa mbele yake na tasbihi mkononi.

"Ninaweza kufungua, mama?"

"Ungengoja upite Urambo. Qais akikuona unafungua ataanza maswali."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Bi Fakhria hasemi uongo, tangu nimjue. Dele la pili lilikuwa jikoni, nami ndiye niliyekuwa nikilisugua kwa majivu na ndimu. Kusugua dele si dhambi. Baadaye nilimwuliza padri, akaniuliza nililisugua kwa nia gani, nikamwuliza habari za paa la kanisa.

Jioni hiyo Damas alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya. Aliipakata bunduki kama mtoto mgonjwa.

"Bwana Qais, nimepiga simu Arusha. Nimepiga mpaka Afrika Kusini. Hii ni bunduki ya ukoo. Risasi za hadhi yake hazitengenezwi tena. Kuipanua ili imeze risasi ngeni ni kama kumvisha bibi yako suruali. Bunduki kama hii haiwindi. Inaheshimiwa." Akazitoa laki nne, akaziweka mezani. "Mtaalamu hali pesa ya msiba."

Uongo huo ulikuwa wake. Sisi tulimwazima sebule tu.

Qais akainamisha kichwa. Halafu akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeambiwa jino halitang'olewa. "Kusema kweli," alisema, "huyo mbogo nimeshaanza kumwota. Ananiuliza namba ya kibali."

Ijumaa akaikabidhi bunduki kwa Ezekia ikahifadhiwe, na tangu hapo kijiweni anasimulia jinsi ilivyokuwa na hadhi mno kwa mbogo wa siku hizi. Tunamsikiliza. Yu hai, ananenepa.

Lakini siku moja kabla, Alhamisi adhuhuri, simu ya Bi Fakhria iliita tukiwa pamoja, akaweka sauti ya wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika Kaliua. Nimefungua sanduku."

Ndani yake mlikuwa na taa yangu ya sola na nusu ya jiwe langu la kusagia, lililopasuka mwaka juzi. Kwenye simu kikaja kicheko, cha mtu aliyejikuta mwenyewe kwenye mtego alioutega.

"Mama, nimewala watu kuanzia Nzega mpaka Mpanda. Leo nimenunua taa yangu mwenyewe kwa laki nne."

"Inawaka?"

"Inawaka, mama. Jua ni kali."

"Alhamdulillah," alisema Bi Fakhria, akakata simu, akarudia mchele wake.

Wiki tatu nilitembea Chemchem kifua mbele. Kwenye jumuiya niliongoza sala kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nilijiona mimi ni mtu wa kuombwa ushauri.

Halafu akanipigia mdogo wangu Suzana, aliyeolewa Kaliua.

"Dada, nami nimepata taa ya sola," alisema. "Elfu sabini tu. Nimeuziwa na kijana mpole, ana adabu huyo, nimempa na chai. Anasema zamani ilikuwa ya mjane mmoja mcha Mungu wa huko Tabora."

"Inawaka?"

"Inawaka sana. Hapa nilipo naitazama."

Nikageuka nikaiangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba mchana.