Mamlaka ya Uteuzi wa Mende

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo na kimefunikwa kitambaa. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo. Manaibu wa Wakuu wa Vitengo. Makaimu wa Manaibu, na ninyi mnaowashikia Makaimu nafasi wakiwa semina. Katibu Muhtasi wangu. Mlinzi wa lango. Mabibi na mabwana mliokuja kwa mwaliko, na ninyi wengi zaidi mliokuja kuchukua vyeti vya kuzaliwa, mkakuta madirisha yamefungwa, mkaelekezwa humu ukumbini ili nanyi mnufaike: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu wa kiwango ambacho wachache katika ngazi yangu wamewahi kukifikia, ili kuzindua rasmi matokeo ya Mradi wa Uteuzi wa Asili wa Mende wa Masjala, kwa kifupi MUAMEMA, ambao ndani ya miaka saba umevuka malengo yake kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili tumeziweka akiba kwa mwaka ujao. (Mtu mmoja anapiga makofi, anatazama kushoto na kulia, anaacha.)

Ndugu wadau, miaka saba iliyopita masjala yetu ya vizazi ilivamiwa na mende, wale wadogo wa kahawia, wakawa wanatembea juu ya vitabu mchana kweupe kama wameajiriwa. Kama kiongozi mwenye maono niliunda kikosi kazi. Kikosi kazi kikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikakaa siku nne na kupendekeza kiundwe kikosi kazi. Mchakato huo shirikishi ukiwa unaendelea, mtunza masjala wetu, huyu mnayemwita Mama Masjala, yule pale safu ya nne mwenye miwani iliyofungwa uzi, bila kibali wala fomu, akachukua sukari ya nyumbani kwake, akaichanganya na dawa nyeupe ya mende, akaitia kwenye vifuniko vya chupa za soda na kuvipanga nyuma ya makabati. Hiyo, ndugu zangu, ilikuwa Awamu ya Kwanza ya Mradi, ingawa wakati huo si yeye wala Mradi aliyekuwa na habari. (Kicheko. Mtu anajifanya anakohoa.)

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Mwezi wa kwanza alizoa mende waliokufa wakajaza kizoleo na kumwagika. Mwaka wa pili akawa anazoa nusu kizoleo. Mwaka wa nne aliwakuta wawili, na mmoja alikuwa amekanyagwa. Sukari ikawa inakauka kwenye vifuniko bila kuguswa, huku mende wakipita kando yake wazima, wanene, wakielekea kwenye mafaili. Maana gundi ya migongo ya vitabu waliipenda, karatasi waliipenda, ila sukari hawakutaka hata kuisikia.

Hapo ndipo, mwaka huu wa saba, alipoingia mwananchi mmoja, fundi cherehani, ambaye namwona amekaa karibu na mlango. Alikuja kutafuta cheti cha binti yake, kwa kuwa bila cheti binti asingeandikishwa kufanya mtihani wa kumaliza shule, na siku ya mwisho ya kuandikisha ni leo. Kitabu kikafunguliwa, ukurasa ukakutwa umeliwa kuanzia kati. Palikuwa na jina la mama, tarehe, na silabi moja ya jina la mtoto. Ofisi yangu ilimjibu kwa haraka na kwa maandishi kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, mtoto wake amezaliwa kwa sehemu. (Minong'ono.)

Nami sikulala. Nilimwandikia Mama Masjala barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asihamishiwe stoo ya viti vibovu. Alijieleza ndani ya siku mbili, ukurasa mmoja na nusu, na barua yake nikaipa uzito mkubwa, tena nikaweka kitu kizito juu yake, nikaja kuisoma jana nilipokuwa natafuta cha kuwaambia leo.

Anaandika kwamba aliweka vifuniko viwili kando kwa kando, safari hii bila dawa, kimoja sukari, kingine siagi ya karanga, akakaa kwenye kigae cha sakafu saa ya chakula cha mchana na kuangalia. Mende alionja sukari, akaruka nyuma, akajipangusa mdomo kwa miguu kama mtoto aliyepewa kwinini. Kwenye siagi ya karanga akala hadi akalala ubavu. Mama Masjala akampelekea habari hizo shemeji yake, mwalimu wa biolojia, naye akamwambia jambo hilo lina jina: uteuzi wa asili.

Ndugu wadau, niliposoma neno uteuzi nilisimama. (Anasimama wima zaidi.) Miaka yangu ishirini na sita katika utumishi, nimeishi kwa neno hilo. Nikampigia simu shemeji mtu papo hapo, nikamuuliza, huo uteuzi mamlaka yake ni nani, na barua zinatoka lini? Akanijibu kwamba mamlaka haipo na barua hazipo. Nikamwambia basi huo ni uteuzi batili. Akasema Mheshimiwa, lakini umeshafanyika.

Kwa uchambuzi wangu binafsi, na mtanisamehe nikiingia katika utaalamu, kilichotokea ni kwamba mende hawa, baada ya kupata msiba, walikaa kikao, wakapeana elimu, wakaazimia kwa kauli moja kuacha sukari. Ni mfano wa kuigwa wa kujenga uwezo. Namwomba Mama Masjala asimame athibitishe.

(Mama Masjala anasimama. "Hakuna aliyejifunza kitu, Mkurugenzi. Tangu mwanzo walikuwepo wachache ambao kwao sukari ni chungu. Walizaliwa hivyo. Waliopenda sukari walikula dawa yangu wakafa, hao wachache wakabaki, wakazaa, na watoto wakarithi mdomo wa wazazi. Mende anazaa haraka, kwa hiyo miaka minne ilitosha. Mimi ndiye niliyewachuja, bila kujua." Anakaa.)

Amethibitisha. (Kicheko kirefu.) Na niseme kwamba jambo hili halinishangazi. Mimi mwenyewe nimepita chini ya wakurugenzi wakuu sita. Wenzangu niliokuja nao, watu wenye juhudi kabisa, kila kilipowekwa kitu mezani walikigusa: huyu alisahihisha hesabu, huyu aliandika ripoti ya kweli, huyu alimjibu mwananchi siku hiyo hiyo. Hawapo. Mimi sijagusa kitu, na niko mbele yenu, na nawaona vijana kadhaa hapa wenye kipaji hicho hicho. (Safu ya mbele inapiga makofi, safu nyingine zinaitazama safu ya mbele.)

Kwa hiyo ndugu zangu, anayesema Mradi umeshindwa kuua mende hajasoma takwimu. Ni taasisi gani nyingine hapa inayoweza kusema kwamba kizazi chake cha leo ni imara kuliko kilichotangulia? Mende wetu ni bora, wanajitegemea, na hawana kisukari. Katika Awamu ya Pili tutaweka siagi ya karanga yenye dawa, ambayo nimejulishwa Mama Masjala aliiweka Jumatatu na tayari kizoleo kimejaa, ingawa shemeji ameonya tusiking'ang'anie chambo kimoja miaka yote, tubadilishe, la sivyo tutawachuja tena.

(Fundi cherehani anainua mkono. Hasubiri kuruhusiwa. "Mkurugenzi, mwanangu anaandikishwa mwisho saa nane. Mende nimewaelewa. Cheti je?")

Swali zuri, litapokelewa kupitia njia stahiki.

(Mama Masjala anasimama tena. Anaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba alikwenda hospitali mwenyewe, akakaa siku tatu na daftari la wodi ya wazazi, akaupata uzazi huo, jina zima, na vizazi vya kurasa nyingine arobaini na moja zilizoliwa. Kumbukumbu zote zimeandikwa upya. "Cheti cha binti kiko tayari, Mkurugenzi. Kimekaa mezani kwako wiki tano. Nimekuja nacho." Anakuja mbele na faili, anaifungua juu ya hotuba, anatoa kalamu nyweleni. Mkurugenzi anaitazama kalamu. Watu wote wanaitazama kalamu.)

Kwa kuwa... (Anasaini. Ukumbi mzima unasimama. Fundi cherehani anakipokea cheti kwa mikono miwili, analisoma jina silabi kwa silabi, kisha anatoka mbio. Makofi yanachukua dakika nzima.)

Asanteni, asanteni, nilijua sehemu ya takwimu ingewagusa. Sasa tuseme kwa pamoja: Uteuzi wa asili! (Kimya.) Oyee! (Sauti mbili.) Mende bora! Taifa bora! (Sauti moja, ya Katibu Muhtasi.)

Kwa kumalizia niwashukuru waliofanikisha MUAMEMA: mfadhili wetu, ambaye bado tunamtafuta; kamati ya Mradi, ambayo nitaiteua; na msanii aliyeandika bango hili jana jioni, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuajiriwa na Mradi. Kwa namna ya pekee nakishukuru chumba namba kumi na nne, ambacho kwenye ripoti yetu kinaitwa Maabara Kuu. Atakayependa kuitembelea aombe ufunguo kwa mfagizi. Mimi nilimwomba jana, akaniuliza maabara ipi. Nikamwambia ile ya mifagio, akanipa mara moja.