Ua Alioujenga Mtani

Uweso hakuwahi kushika mwiko wala nyundo kwa nia njema, lakini mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovikwa taji hapakuwa na fundi aliyejisifu kumpita yeye Tanga nzima. Kazi yake ilikuwa kupendezesha nyua za watu wasio na fedha nyingi. Alikuwa na mkokoteni mmoja, na juu yake kila kitu cha kumtoa mwenye nyumba udenda: makuti mapya ya kumba, miti ya mkonge iliyonyooka, madebe mawili ya chokaa, gunia la makombe ya pwani ya kutandaza njiani, na vyungu sita vya asumini na mrehani. Mali ile ilikula akiba yake yote, na tangu ainunue ilikuwa haijatumika hata siku moja. Huipakua uani kwa mtu, akamwacha ashibishe macho, akapokea arbuni, yaani malipo ya kutanguliza, kisha akaipakia tena ikakatwe vipimo karakana. Karakana yenyewe anaijua Mungu.

Jumatatu moja akipita mtaa wa Mabawa alisikia sauti nyuma ya ua uliolala nusu chini. Akachungulia kwenye tundu. Aliona tope, bata, na bibi mmoja mnene ameshika upawa. Kando yake binti alikuwa akilia.

"Mashangazi wa bwana arusi wamesema hawakai katika zizi, bibi. Alhamisi wanakuja kutazama. Pakiwa hivi hivi, arusi wanaihamishia kwao Pangani."

"Haihami! Nimekulea humu, Asmahani, na utaolewa humu."

Uweso alikwenda kwa muuza kahawa wa pembeni akapeleleza. Bibi yule aliitwa Bi Mwatumu. Alikuwa mkono wa birika, amekwisha kuwafukuza mafundi watatu kwa bei tu.

"Kabila gani?" Uweso aliuliza.

"Sijui. Wazigua wamejaa upande ule."

Hilo lilimtosha. Alipoweka kikombe chini alikuwa Mnyamwezi kamili.

Kwa asiyejua, Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani hatiliwi shaka, humtukana mwenzake naye akacheka. Tena mtani akichukua kitu chako hakuna shauri wala polisi, na atakayenuna hutozwa faini. Uweso aliijua nusu ya kwanza ya sheria hii vizuri zaidi kuliko nusu ya pili.

"Hodi humu kwa watumwa wangu!"

Bi Mwatumu aligeuka taratibu. "Nani wewe?"

"Shikamoo, bibi. Naitwa Safari, Mnyamwezi wa Tabora. Nimesikia kuna Mzigua analala na bata, nikasema huyo hawi mwingine, mtani wangu."

Bibi alimtazama, kisha akautazama mkokoteni. Macho yake yalitua juu ya chungu kimoja kilichopasuka mdomo, kimefungwa uzi mwekundu, yakakaa hapo kitambo. Halafu akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mtani! Marahaba! Pita ndani, uso kama nazi mbovu wewe!"

Uweso akaingia na maneno yake. Njia ya makombe kutoka mlangoni hadi kisimani, ua mpya pande zote, chokaa ukutani, asumini pembeni ili bibi arusi apite ananukia. "Fundi mwingine atakutoza mia mbili. Mimi sitini, kwa sababu ya utani. Nusu arbuni."

"Pakua kwanza nione."

Akapakua. Chungu cha mwisho kilipogusa ardhi, Bi Mwatumu alivua kanga ya begani, akaitupa juu ya mali yote, akapiga kigelegele. Majirani wakamiminika.

"Jamani, mtani wangu Mnyamwezi kaniletea vitu vya arusi! Nami nimevichukua!"

Vigelegele vikapaa. Uweso alitabasamu kwa shida.

"Bibi, utani nao una mpaka wake."

"Kanuna huyu?" Bi Mwatumu aliwauliza wenziwe.

"Kanuna!"

"Faini mbuzi!"

"Sijanuna!" Uweso alipiga kelele. "Nacheka! Tazameni meno!"

"Basi shika jembe. Mtani haleti vitu arusini akaviacha chini. Au nimwite Manase, nyapara wa shamba la mkonge? Ni Mnyamwezi mwenzio. Mtazungumza kikwenu, naye atatuamua."

Kinyamwezi Uweso alikijua sawasawa na wale bata. Akashika jembe.

Siku tatu alichimba, akasimika miti, akafunga makumba, akapaka chokaa mpaka kwenye nyusi. Wanawake walikaa kibarazani wakikuna nazi na kumsimamia. Palipolegea walipafungua afunge upya, na kila akiguna waliulizana kama amenuna. Jumatano jioni Asmahani alimletea chai. Alisimama kwenye njia nyeupe ya makombe, akatazama kila pembe, machozi yakamlengalenga.

"Ahsante, kaka Safari. Sasa nitaolewa kwetu."

Uweso aliona haya. Maradhi hayo hakuwa amepata kuyaugua, akadhani ni chokaa.

Alhamisi alasiri mashangazi wa Pangani wakaja. Walizunguka, wakanusa, wakatikisa nguzo. Kasoro waliyoipata ni sukari kidogo katika chai. Wakasema arusi ibaki Mabawa, wakaenda zao. Bibi na mjukuu walikumbatiana wakalia wazi wazi, hawakumjali mtu.

Hapo Uweso akakumbuka nusu ya pili ya sheria. Alivua shati, akalitupa juu ya vyungu vyote sita.

"Mtani nami nachukua! Na atakayenuna, faini mbuzi!"

Bi Mwatumu alijifuta machozi polepole. "Ungechukua, mwanangu, kama ningekuwa Mzigua. Mimi Mdigo wa Moa, kwa baba na kwa mama."

"Lakini ulisema..."

"Ulisema wewe. Mimi nilikukaribisha tu."

"Basi hukuchukua kwa utani! Huo ni wizi! Twende polisi!"

"Twende. Praxeda, lete kanga yangu, tunakwenda polisi."

Kutoka jikoni akatokea mama mmoja wa Pongwe, ambaye humletea Bi Mwatumu maziwa kila juma pamoja na habari zote za njiani. Aliinama akagusa uzi mwekundu wa chungu.

"Hujambo, Bwana Noa? Ndivyo ulivyojiita kwetu Pongwe. Chungu hiki kilipasukia uani kwangu, uzi nikaufunga mimi kwa mkono wangu. Karakana bado hawajamaliza kukata vipimo?"

Uweso aliinama juu ya vyungu. Alilichukua shati lake.

"Mkokoteni uache," alisema Bi Mwatumu. "Ndio badala ya arbuni uliyomlia Praxeda." Akampa visheti vitano vilivyofungwa kwenye gazeti, maana arusi ni arusi, akamsindikiza mpaka nje na kukomea mlango.

Uweso alisimama uchochoroni akitafuna. Alitamani aione mali yake mara moja tu, ya mwisho. Akauzunguka ua wote, akipapasa makumba, akitafuta tundu la kuchungulia. Hapakuwa na tundu. Alikuwa ameujenga vizuri mno.