Mtumbwi Uliorudi Peke Yake

Jumatano, 9 Oktoba 2024
Leo asubuhi mtumbwi umerudi peke yake kutoka upande wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Hakuna mtu ndani. Wavu mpya kabisa, samaki bado wanapumua. Hapa Nchelenge mtumbwi wa namna hiyo haugusiki mpaka ndugu wa mwenyewe wafike. Mzee Lackson, mwenyekiti wetu wa wavuvi, akatafuta mlinzi. Nikanyoosha mkono. Mimi, shemasi! Akamchagua Kalumba, fundi wa nyavu, ambaye hakanyagi kanisa lolote na anasema huko juu hakuna mtu. Sasa huyo ataogopa nini asiibe? Nimekasirika mpaka nimeiacha bukari, ugali wetu, ikapoa sahanini.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mpango: kumtega. Nikampelekea chai, nikamsifia ule wavu, nikamkumbusha kwamba hakuna anayemwona. Hakuacha kushona. Akasema, "Njo vile, hakuna mutu ananiona. Lakini iko ya mutu." Nikamuuliza nani kamwamuru asiibe. Akasema hakuna. Jibu la kijinga kabisa.

Halafu nikaona kibao cha kukalia mle mtumbwini kimelowa, mahali pa mtu mmoja tu. Mvua hatujaiona tangu Aprili. Kalumba anasema kila akipangusa, maji yanarudi. Nimeogopa, nasema kweli.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimefunga na kuomba. Bwana, kama hutaki niuchukue wavu, ukate kamba ya mtumbwi. Kamba haikukatika. Ilikaza tu, kama kuna mtu anaivuta upande wa pili, na ziwa limetulia tuli. Kukaza si kukatika. Kalumba alipoenda kula, nikauchukua. Uko chini ya kitanda. Wakiukosa, watamfukuza yeye na ulinzi utakuwa wangu.

Jumapili, 13 Oktoba
Mjane wa mwenye mtumbwi amefika na boti ya Kilwa. Anaitwa Eness, ana mimba kubwa. Akaomba wavu wa mumewe, akasema bila huo watoto hawali. Wakatazama mtumbwini, haumo. Wote wakamgeukia Kalumba. Nani mwingine, kama si mtu asiye na Mungu? Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini shemasi akianguka ni aibu ya kanisa zima, basi nikanyamaza kwa ajili ya Bwana.

Kalumba aliniangalia kidogo. Akaenda kwake, akaleta wavu wake mwenyewe, ule mmoja anaovulia, akampa yule mama. Watu wakasema, mnaona, amekubali kosa. Mzee Lackson amemfukuza ufukoni.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mlinzi mpya wa ufuko ni mimi. Florentine, mke wangu, amehamia kwa dada yake. Anasema upande wake wa kitanda kuna mtu amelala, na amelowa. Wanawake! Nimeanika godoro juani kutwa nzima, halikauki.

Mchana nilimwona Kalumba akipanda minibasi ya kwenda mjini Mansa, sindano zake za nyavu ndani ya mfuko wa plastiki. Roho iliniuma. Nikapiga magoti palepale stesheni, mbele ya abiria wote, nikamwomba Mungu amsamehe wizi wake.