Kitasa cha Ukurasa wa Thelathini na Nane

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu alikuja kibandani saa nne asubuhi. Nilidhani kapoteza ufunguo tena. Kumbe ujumbe! Mama yake, yaani dada yangu mkubwa, kafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limefungwa bandeji. La kushoto bado ukungu mtupu, zamu yake mwezi ujao. Haruhusiwi kusoma siku kumi. Haruhusiwi kuinama. Haruhusiwi kulia. Na wiki hii hii kitabu cha kumi na tisa cha Inspekta Kimya kimeingia madukani. Cha mwisho! Mwandishi katangaza kwamba ameweka kalamu chini.

Dada anahitaji mtu wa kumsomea. Mpwa anashinda kazini. Nikauliza kama Dada mwenyewe ndiye aliyenitaja. Mpwa akaziangalia funguo ukutani, akasema Mama hakukataa.

Hakukataa! Baada ya miaka miwili ya kununiana, mimi hilo naliita salamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tumemsoma Kimya pamoja tangu ujana. Nakala moja, alamisho mbili. Kabla ya sura ya mwisho kila mmoja anaandika jina la muuaji kwenye karatasi. Dada alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini, ushahidi haumpiti. Vitabu kumi na vitano, kapata vyote. Mimi sifuri. Kitabu cha kumi na sita nikaanza kukisoma kuanzia mwisho, nikamjua muuaji, raha ikanizidi, nikamtaja mezani mbele ya ukoo mzima. Dada alikuwa amebakiza sura nne. Alichukua mkoba wake akaondoka. Sahani yake ilibaki imejaa.

Cha kumi na saba na cha kumi na nane nilivisoma peke yangu. Nilimjua muuaji na sikuwa na wa kumwambia. Sitaki kurudi huko.

Mpwa alipofika mlangoni aligeuka. Mjomba, akasema, safari hii ukiharibu, basi tena.

Jumatano, 5 Machi

Saa kumi kamili, sebuleni kwa Dada. Kiti chake dirishani, mashine yake ya chapa mezani imefunikwa kitambaa. Hakunisalimia. Alisema nimechelewa dakika mbili. Nikafurahi karibu nimkumbatie.

Kaniwekea masharti. Nisome neno kwa neno. Nisigeuze sauti za wanawake. Nisipekue mbele. Nikaapa.

Kinaanza vizuri sana. Daktari wa meno kakutwa amekufa ofisini mwake, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kimya anaingia, ana mvi sasa, goti linamsumbua kama langu. Ndiyo raha ya mfululizo: unazeeka na mtu. Wa kitabu kimoja unakutana naye na kuagana naye. Huyu tumekuwa naye tangu Dada hajaolewa.

Ukurasa wa thelathini na nane nikakwama. Mwandishi anasema muuaji alifungua kitasa kwa pini ya nywele!

Pini ya nywele! Kitasa kile kakieleza mwenyewe ukurasa wa ishirini, cha chuma, ulimi unaoingia fremuni mara mbili. Mimi ni fundi vitasa kwa miaka thelathini na minne. Kitasa hicho hata mimi nikiwa na vifaa vyote kinanitoa jasho. Mdomo wangu ulikataa. Nikasoma: "Kitasa hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliyeingia alitumia ufunguo."

Neno moja tu, kwa heshima ya kazi. Dada akaitikia kwa kichwa, karidhika. Akasema mwandishi huyu siku hizi amefanya utafiti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejikaanga mwenyewe. Jambo la kwanza leo Dada kauliza ufunguo huo ulikuwa kwa nani.

Sikuwa nimefikiria. Nikajifanya natafuta ukurasa. Nikasoma kwamba ulikuwa umetundikwa jikoni, na jikoni hakai mtu ila mpishi. Shida ni kwamba kwenye kitabu mpishi yupo mara moja tu, ukurasa wa kumi na mbili, analeta chai na kutoka. Dada akataka kusikia Kimya akimhoji. Kimya hamhoji! Kimya yuko gereji anamhoji dereva!

Basi nikamhoji mimi. Mpishi alijibu kwa jeuri, akasema yeye hafungui milango ya watu, anafungua vyungu. Dada akacheka mpaka akashika bandeji. Miaka miwili sijausikia mcheko ule. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona haya, nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa ninaandika humu uongo wote ili usinichanganye. Mpishi: mwanamke, mjane, hamsini na kitu, kilema kidogo mguu wa kushoto. Ufunguo: msumari wa pili kutoka mlangoni. Dada akisikia kitu mara moja hakimtoki. Leo aliniuliza mbona Kimya alivua kofia mara mbili bila kuivaa. Hilo kosa lilikuwa la mwandishi, si langu. Nilijisikia kuonewa.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa limeingia na kigoda chake. Jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, yule mwenye sauti ya redio. Kasikia kuna usomaji. Anacho kitabu hichohicho, kafika ukurasa wa mia! Akaketi. Nilipofika kwa mpishi akakunja uso, akasema ajabu, huyo mama yeye hamkumbuki.

Nikamkanyaga mguu. Nikasema labda alisoma akisinzia. Dada akasema kweli, Mwalimu husinzia hata kwenye mikutano ya jengo. Mwalimu akanuna. Akasema kesho atashuka na nakala yake tulinganishe.

Kesho! Maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nane nilipanda kwa Mwalimu na sanduku la vifaa. Nikamwambia kitasa chake nimekisikia kinalia, nitakisafisha bure, ujirani mwema. Alinishukuru sana. Nilikitoa, nikakitia mafuta, nikakirudisha kwa namna ambayo kinafunga vizuri na hakifunguki kwa ndani. Saa kumi kasorobo nikaaga, nikauvuta mlango.

Tulisoma kwa utulivu, ukiacha kishindo kidogo huko juu. Dada akauliza nini kile. Nikasema mafundi.

Saa kumi na mbili nilipanda nikamfungulia. Niliomba radhi kwa niaba ya kiwanda cha vitasa. Mwalimu akasema anaondoka asubuhi kwenda kwa mwanawe, hatarudi mpaka wiki ijayo, na kitasa nikiache kilivyo. Sijajivunia. Lakini mpango ulifanya kazi!

Dada leo kaniuliza swali la pembeni. Eti mimi namwona mpishi vipi. Nikasema mtu mzuri. Akasema ndiyo, na ndiyo maana inauma, kwa sababu ushahidi wote unamwendea yeye. Akasema zamani akichapa hukumu alikuwa akiomba moyoni asiwe yule aliyempenda.

Hatujawahi kuzungumza mambo hayo. Nilikuwa najua anachapa. Sikujua alikuwa anaomba.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna usomaji leo, Mpwa yupo nyumbani. Nimefungua kibanda kwa muda, kitabu ninacho, nikavunja kiapo. Nimesoma mpaka mwisho ili nijue nitarudije njiani.

Muuaji ni dereva. Hilo ni tatizo dogo.

Kimya anakufa.

Ukurasa wa mwisho kabisa. Si risasi, si kisu. Anaketi kwenye benchi mbele ya kituo chake cha zamani cha polisi, anavua kofia, basi. Mwandishi katumia mistari sita. Vitabu kumi na tisa, mistari sita! Mteja alikuja kuchonga ufunguo akanikuta nafuta macho kwa tambara la grisi. Nilimwambia ni vumbi la chuma.

Nimemkasirikia mwandishi mchana kutwa. Kisha nikafikiri, labda naye hakuweza kuandika mstari wa saba. Labda aliweka kalamu chini papo hapo.

Lakini daktari kasema Dada asilie. Siwezi kumsomea. Simsomei!

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma polepole kupita kiasi. Nimerefusha mvua ya sura ya kumi na tisa kwa dakika arobaini. Nimemwongezea Kimya safari ya kwenda kununua viatu. Dada akasema mwandishi anaonekana hataki kuagana. Nikasema huenda.

Jumanne, 11 Machi

Karatasi za majina. Dada aliandika kwa kupapasa, herufi kubwa zimepanda mlima: MPISHI. Mimi niliandika: Dereva.

Hapa niwe mkweli, kwa kuwa humu hasomi mtu. Kwa ushahidi nilioutunga mwenyewe, Dada alikuwa sahihi. Ningeweza kumpa ushindi wake wa kumi na sita. Nilikuja nimeamua hivyo kabisa. Lakini nilipoiona karatasi yangu pale mezani, moja dhidi ya kumi na tano, nikashindwa. Kimya akatangaza kwamba dereva aliuiba ufunguo jikoni mpishi alipokwenda kuteka maji. Nilimtoa dereva kwa pingu.

Kisha benchi. Kimya akaketi mbele ya kituo, akavua kofia. Nikasoma: akaivaa tena. Goti lilikuwa linauma. Akainuka akaenda nyumbani kunywa chai.

Dada akageuza uso upande wangu. Akauliza kama Kimya yu hai. Nikasema mzima wa afya. Akauliza tena. Nikasema tena. Akasema alikuwa anaogopa tangu kitabu kilipotangazwa, hakutaka kuniambia.

Halafu akaongeza kwamba ushahidi wa kuibiwa ufunguo haumo kwenye faili.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji imetolewa. Mpwa kaniambia Mama anaona vizuri sana. Kaomba miwani mpya na kitabu.

Nilimpa mteja ufunguo wa mteja mwingine mara mbili.

Jumapili, 16 Machi

Nimeitwa. Mpwa alifungua mlango, hakunitazama usoni. Dada kaketi dirishani, jicho jekundu, kitabu magotini. Kimejaa vipande vya karatasi kila mahali nilipobadilisha. Nilivihesabu kutoka mlangoni nikaacha.

Alisoma hukumu. Kosa la kwanza, kitasa: kasamehe, kila mtu na kazi yake. Kosa la pili, mpishi: alimtafuta ukurasa hadi ukurasa, akakuta chai tu. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema hayupo, Dada. Akasema hilo nalo atajaribu kulisahau, ila mpishi yule ni bora kuliko wote waliomo. Kosa la tatu, kumkamata dereva kwa ushahidi wa dakika ya mwisho ili nishinde: hatia, ushindi umefutwa. Kosa la nne, Mwalimu kafungiwa ndani. Amerudi, kasema yote! Nikamwombe radhi leo hii.

Alipofika la tano aliweka kitabu mezani. Alivua miwani. Alisema alimaliza jana mchana, akafika kwenye benchi, akaisoma ile mistari sita mara tatu akidhani jicho bado halijapona. Akalia. Daktari sasa karuhusu. Akasema kilichomuuma kuliko kifo ni kwamba aligeuka kuniambia, na kiti kilikuwa kitupu. Akasema miaka miwili kwa ajili ya jina moja la muuaji, sote wawili tulikuwa wajinga.

Nilimwambia kwamba nilikuwa na hamu naye miaka yote miwili. Nilisema hivyohivyo, bila kupinda. Akasema nipige chafya ama nilie, ila nisisimame mlangoni. Tukalia, tukanywa chai.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Nitasoma mimi. Sharti moja: neno kwa neno, kama kiapo cha mahakamani. Nimeinua mkono wa kulia mbele ya Mpwa. Nimebadilika kabisa. Nimejifunza kwamba kitabu ni cha aliyekiandika, na kazi ya msomaji ni kukaa kimya na kuamini.

Alhamisi, 10 Aprili

Jicho la kushoto limefungwa. Dada kachagua mwandishi mwingine, mfululizo mpya kwetu, Hakimu Mwenye Kikohozi, kitabu cha kwanza kati ya kumi na moja. Tukaanza saa kumi kamili. Nilisoma kila neno. Kila koma! Dada alikuwa anatabasamu. Ukurasa wa kwanza safi. Wa pili safi.

Ukurasa wa tatu anauawa mtu. Na ni nani? Fundi vitasa! Mtu mwema, mwenye kibanda chake, hajasema hata neno, anapigwa nyundo ya kichwa na kusahauliwa kwenye sentensi moja.

Haiwezekani. Nimesema amezirai tu. Dada kashangaa kidogo, kisha kaniuliza sasa hakimu anachunguza mauaji ya nani. Nimesema tutajua kesho.