Safu ya Ikiwezekana

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa. Meneja kaleta programu ya kupanga safari za magari yetu ya dobi. Miaka kumi na moja nimezipanga kwa kalamu na kichwa changu, leo mashine. Nilinuna mpaka aliponieleza kazi yangu: kila asubuhi itanipa mipango miwili, nichague ninaoupenda, nayo itajifunza tunachopendelea. Yaani mimi ni mwalimu wake. Kesho navaa tai.

Papo hapo nikamkumbuka Tabasamu, dereva wa gari la pili. Bwana huyu hucheka na kila mtu, na wiki iliyopita kanichukulia kiti changu cha dirishani, eti alidhani hakina mwenyewe. Mpango wa kwanza ulimpeleka hoteli za mjini. Wa pili, zahanati ya mlimani, saa nzima ya mashimo matupu. Nimechagua wa pili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Machi
Kuna fomu pia, mashine itupangie na siku zetu. Safu mbili: Lazima na Ikiwezekana. Lazima ni mambo matatu tu. Ya Ikiwezekana unayapa alama, moja hadi kumi, kadiri unavyoyatamani. Lazima: chai saa nne. Lazima: kutoka saa kumi kamili. Lazima: kiti cha dirishani.

Dada kapiga simu. Baba kaniulizia tena. Wanaishi huko huko mlimani, ukuta kwa ukuta na zahanati, na Dada akienda kufundisha Baba hubaki peke yake. Daktari kasema kumbukumbu inakwenda haraka. Nije asubuhi, nije angali ananijua. Nikamwambia aondoe shaka. Nikaandika: kumwona Baba kesho, Ikiwezekana, alama moja. Ningeandika Lazima, lakini safu ilikuwa imejaa.

Jumatano, 5 Machi
Mashine imemwacha Baba! Nimeutazama mpango mara tatu. Chai ipo. Kiti kipo. Nilipomlalamikia fundi wa kompyuta, akanieleza kwa upole kwamba programu haimjui baba yangu. Inajua nilichoandika tu, na mwenye alama moja ndiye wa kwanza kuachwa. Fundi huyu hana adabu. Nimemwambia Dada kwamba kosa ni la mashine. Akasema haya, basi.

Jumatatu, 10 Machi
Wiki nzima Tabasamu mlimani. Leo mipango yote miwili imempeleka huko bila mimi kusema neno. Mwanafunzi wangu ana kichwa chepesi. Ila Tabasamu anarudi anacheka vilevile, na hilo linaniuma.

Dada kapiga, sauti nyepesi. Kanishukuru kwa kumtuma yule kijana wa gari. Kila asubuhi, akishapakia mashuka ya zahanati, hupita kwa Baba, humnyoa ndevu na kusikiliza habari zake za cherehani. Mimi sikumtuma mtu. Nikajibu si kitu. Chai ya saa nne nikaiacha ipoe mezani.

Jumanne, 11 Machi
Nimeenda. Nilimwambia Meneja nakagua barabara.

Baba alikuwa mshonaji. Sare zangu zote za shule kazishona yeye. Leo kanikaribisha kama mteja, akaniuliza kama nimekuja kupunguza suruali. Nikasema Baba, ni mimi. Akachukua futi yake ya kupimia, akanipima mabega polepole, akasita. Akasema mabega haya anayajua, ila hakumbuki ni ya nani. Nililia. Humu sina haja ya kuficha.

Mara akaingia Tabasamu na wembe. Uso wa Baba ukafunguka, akamwita mwanangu, akamwuliza mbona kachelewa. Tabasamu akaona haya, akamwambia Mzee, mwanao ni huyu hapa. Baba akacheka sana. Alidhani anataniwa.

Njia nzima ya kurudi sikuona shimo hata moja. Kwanza kiti, sasa baba. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nafanya kazi kwa dobi.

Jumatano, 12 Machi
Nimeiomba mashine mipango mipya. Wa kwanza: Tabasamu mlimani kila siku, kama nilivyoifunza. Wa pili: Tabasamu mjini, zahanati ipate gari la tatu mara moja kwa wiki. Fundi akaniomba nifikiri kidogo, maana mashine itashika nitakalolipenda. Hakuwa amemaliza kusema, nami nimeshabonyeza wa pili. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tabasamu atanijua.

Ijumaa, 14 Machi
Tabasamu yuko mjini siku ya pili. Leo hakucheka. Aliniuliza nani anamnyoa Mzee. Nikamjibu hayo ni ya familia.

Fomu nimeirekebisha, na nimejitolea kweli: nimefuta chai ya saa nne. Mahali pake nimeandika Lazima: Tabasamu asipande mlimani. Baba naye nimempandisha. Sasa ana alama mbili.

Dada kapiga alipotoka shuleni. Kamkuta Baba kaketi mlangoni, futi shingoni, ndevu zimeota. Jirani anasema yuko pale tangu asubuhi, anamsubiri mwanawe. Sikuuliza ni yupi. Nimemwambia Dada wavumilie kidogo tu, mpango wa wiki ijayo ni mzuri sana.