Yah: Kigelegele Changu Katika Tamasha Lako la Krismasi

Ndugu Kiongozi wa Kwaya,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa moyo. Mimi ni mkunga mstaafu, na ni mama mzazi wa yule mwimbaji wako mwenye mwanya aliyeimba peke yake Jumamosi iliyopita. Nimekuja huku ugenini kumtembelea, na nimepelekwa kwenye matamasha ya Krismasi mpaka viganja vinauma kwa makofi. Bila shaka unanikumbuka. Ni mimi niliyepiga kigelegele.

Nasikia tamasha linarudiwa Jumamosi ijayo, kabla sijafunga safari ya kurudi nyumbani. Binti yangu ameniambia eti nafasi zimejaa. Nimemzaa mimi, najua anavyokunja pua akidanganya. Ananionea aibu, na inaniuma. Kwa kuwa aibu hiyo imeletwa na taratibu zako, naomba unisikilize.

1. Ulitupa mgongo. Wageni tumevaa tukapendeza, tumeketi, ukaingia, ukainama kidogo, kisha ukatugeuzia kisogo mpaka mwisho. Mwenye shughuli akinifanyia hivyo, mimi huwa naaga. Safari hii nilivumilia, nikabaki kukagua mishono ya koti lako. Bega la kushoto limevutwa.

2. Ukimya. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote. Chumba chenye watu wengi namna ile kikinyamaza, ujue daktari ana habari mbaya. Sasa mtoto amezaliwa, malaika wanaimba, wachunga kondoo wanatimua mbio, na sisi tumekaa kama tunasubiri majibu ya damu! Nimezalisha watoto hata idadi siijui. Hakuna aliyepokelewa kimya, na wala hawakuja kuokoa ulimwengu. Mmoja wao sasa hivi ni dalali.

3. Kikohozi. Wenyeji wako hukibana mpaka wimbo uishe, halafu wanakohoa wote kwa pamoja kama waliopewa sauti na kinanda. Mzee aliyekaa mbele yangu macho yalimtoka. Huyo ni mgonjwa, Ndugu Kiongozi, na unamhatarishia maisha kwa ajili ya ubeti mmoja. Tena kama kikohozi kimetengewa muda wake, mbona furaha haikutengewa?

4. Mkwe wangu. Kijana huyu ana adabu zake. Tangu amuoe binti yangu, hata chumvi hanipi mkononi. Anaiweka mezani, naichukua mwenyewe. Binti alipoipandisha ile sauti ya mwisho nilisimama nikapiga kigelegele, kimoja tu, cha wastani, na mkwe akanikamata mkono akanivuta nikae. Mkwe! Kanikamata mbele za watu! Njia nzima ya kurudi binti alitazama dirishani, na sasa mimi na mkwe tunapishana kwenye korido kama watu waliogongana magari. Utaratibu gani huo wa muziki unaomfanya mtu amkamate mama mkwe wake?

5. Mwisho wa yote, watu walisimama, wakapiga makofi, wengine wakapiga na miluzi, mpaka kwaya ikarudi tena jukwaani. Kumbe kelele wanazo! Walikuwa wameziweka akiba tu. Mimi niliitoa yangu ikiwa ya moto, wao wakazitoa zimeshapoa, na mkosaji nikawa mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uimbishe ukiwa umetutazama. Safu za mbele ziondolewe tupate pa kuchezea. Atakayenyamaza wakati wa kuzaliwa Mwokozi atolewe nje mpaka atakapochangamka. Na binti yangu asifungue mdomo kabla sijaketi, tena nitangazwe. Kama kazi hii itakuelemea, hicho kijiti chako nikabidhi mimi. Nimesimamia mambo magumu zaidi, na wote walitoka salama.

Nisalimie waimbaji wote, hasa wale wa sauti ya nne ambao nadhani walikuwa wamesinzia. Mpiga kinanda pia, na yule mama wa mlangoni aliyenizuia kuingia na karanga. Mwambie sina kinyongo, ila karanga zangu nazitaka.

Ni mimi, katika furaha isiyozuilika,
Mama wa Mwenye Mwanya

Tanbihi: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Asubuhi hii mkwe ameniwekea rekodi ya tamasha jikoni, kisha akatoka taratibu na kufunga mlango. Nimeisikiliza. Binti yangu anapanda, anapanda, anakaribia kufika kule juu kabisa, na hapo naingia mimi. Nimerudisha nyuma mara nyingi, nikidhani labda chini yake kuna kitu. Hakuna. Ile sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni tangu nifike, ukumbini hakuna aliyeisikia, hata mimi niliyesafiri mpaka huku kwa ajili yake. Basi tupe mgongo tu, baba. Viti viache. Nitafutie nafasi moja Jumamosi, hata kama ni nyuma ya nguzo. Nitanyamaza. Nataka kumsikia mwanangu.