Ombi la Kufukiwa Mashimo Yote ya Shamba la Belem

Daloa, 17 Novemba 1996. Mwaka wa ishirini na tatu tangu niiache Yatenga, kwetu kwenye ukame, nikaja huku kwenye kakao.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikundi cha Wachimba Mashimo, Noufou Belem, ambaye kwa bahati mbaya ni mtoto wa marehemu kaka yangu.

Mwanangu Mheshimiwa,

Wiki iliyopita mtani wetu Toé, yule muuza kokwa za kola wa kabila la Wasamo, alinikuta kwenye kakao za watu akapaza sauti: "Wewe mtumwa wangu! Ile maiti ya shamba uliyoikimbia imefufuka, inakula vizuri kuliko wewe!" Vibarua walicheka mpaka wakaweka mapanga chini. Kwa hiyo nalalamika rasmi.

1. Umebomoa jaa letu. Lilianza kurundikwa mbele ya boma kabla Wafaransa hawajafika. Mgeni aliliona kabla hajaona paa, akajua hapa kuna watu. Wewe umelichota kwa kikapu, mavi ya mbuzi, majivu, makapi na yote, ukalipeleka shambani. Leo mgeni atajuaje kwamba sisi ni ukoo? Kwa kuona tumeshiba?

2. Mnachimba kiangazi. Watu wenye adabu kiangazi huezeka paa na kwenda matangani. Ninyi mko juani mnagonga ardhi ngumu kama sufuria, kila shimo mnalitia samadi viganja viwili, lisubiri mbegu na mvua. Naambiwa mkeo Poko ndiye mpimaji, na kipimo ni viganja vyake. Hongereni kwa sayansi.

3. Mchwa. Sisi tumepigana nao tangu enzi. Wewe umewaandalia karamu ya kinyesi ili wakutobolee ardhi, maji ya mvua yapate kuingia. Kesho utawapa kiti kwenye kikao.

4. Hili ndilo kubwa. Mwaka 1973 nilisimama mbele ya mzee wa ardhi na kijiji kizima nikatangaza kwamba shamba lile limekufa. Baba, yaani babu yako, akanisihi, "Raogo, tulia. Lina njaa tu hilo." Nikamjibu mbele za watu kwamba mimi silishi maiti, nikapanda lori. Sasa Toé anasema mtama ulimfika kidevuni. Mheshimiwa, kama shamba lilikuwa hai, mimi miaka yote hii nimekimbia nini? Hukunifikiria hata kidogo.

Naomba basi, kwa heshima zote, mashimo yafukiwe kabla ya mvua, samadi irudishwe jaani, na ardhi iachwe ife tena kama nilivyotangaza.

Nisalimie mama yako, Poko na viganja vyake, mzee wa ardhi kama bado anaona, na mbuzi wote, ambao sasa ni watumishi wa ofisi yako.

Mimi baba yako mdogo,
Raogo Belem

Tanbihi: Usifukie hata moja. Upande wa magharibi, penye changarawe, baba alichimba mashimo saba kiangazi kile akayatia samadi. Niliyafukia mimi, asubuhi ya kuondoka, asije akanifanya mwongo. Yatafute uyafukue. Shamba ni lako na Poko, na barua hii iwe ushahidi hata mbele ya wanangu. Mimi sitarudi.